Kaporali Aliyeandikwa Sisiki

Katika mtaa wetu wa Kasuku yule mzee tulimwita Kaporali, naye aliitika, ingawa mara nyingine alijifanya ameudhika kwa sababu eti alistahili kuwa sajini. Jina lake halisi nalijua. Nalijua kuliko ninavyolijua la baba mkwe wangu. Lakini sitaliandika hapa, na msomaji asidhani ni heshima au woga. Sababu ninayo, nitaisema nikifika mwisho.

Mimi nilikuwa karani wa mashine katika ofisi moja ya serikali pale Kindu. Ofisi yenyewe siitaji, maana baadhi ya wakubwa wangu bado wanakula na kushiba, na aliyeshiba hapendi kusumbuliwa. Kazi yangu ilikuwa kupiga mashine barua ambazo wengine walizitia sahihi bila kuzisoma. Kaporali alikuja kila Alhamisi. Alivaa koti zito alilorudi nalo kutoka vita vya Abisinia, koti la baridi ya milimani, na katika joto letu, ambamo hata mbuzi walijibanza chini ya mabehewa yaliyosimama, yeye alilifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Vifungo vilikuwa vitano, kimoja kikiwa cha gauni la mwanamke. Makaratasi yake aliyaweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kulifungua kopo hilo mbele ya meza yangu ilikuwa sherehe. Kwanza alipangusa kifuniko kwa mkono wa koti, kisha alitazama nyuma kama vile Mwitaliano angeweza kuwa amejificha kwenye foleni, na hapo ndipo alipofungua.

"Karani, jibu iko?"

"Papa Kaporali, bado."

"Basi andika ingine."

Nami niliandika nyingine.

Ombi lake lilikuwa moja tu. Wakati ule ilitangazwa kwamba wale waliopigana Abisinia watapewa nishani. Wazee wenzake walipeleka majina, majina yakakutwa kwenye vitabu vya jeshi la zamani, mambo yakaisha. Jina la Kaporali halikukutwa. Kwenye namba yake, kikosi chake, na kovu lake la goti la kushoto, vitabu vilionyesha mtu mwingine aitwaye Sisiki. Alitaka vitabu visahihishwe, ili nishani ije kwa jina alilopewa na baba yake.

Huyo Sisiki alizaliwa hivi. Siku ya kuandikishwa, Kaporali, wakati huo kijana wa kijiji cha Lokandu, alisimama mbele ya meza ya ofisa Mbelgiji. Pembeni alikuwako sajini wa kutoka chini ya mto, na lugha ya jeshi ilikuwa Kilingala. Sajini akauliza, "Nkombo na yo nani?" yaani jina lako nani. Kijana, ambaye maisha yake yote hakujua ila Kiswahili na lugha ya nyumbani kwao, akajibu kwa adabu: "Sisikii." Kwetu kusikia lugha ni kuielewa. Alikuwa anasema kwamba haelewi. Ofisa akaandika SISIKI, akagonga muhuri, akaita mwingine. Hivyo ndivyo mtu alivyopoteza jina lake kwa kusema kweli.

Kesho yake alijaribu kueleza. Akapigwa viboko vinane kwa kosa la kumdanganya ofisa, kwa kuwa ama alidanganya jana ama anadanganya leo, na jeshi halikuwa na haja ya kujua ni lini. Kaporali mwenyewe alikiri kwamba hoja hiyo haikuwa na tundu. Tangu siku hiyo aliitika Sisiki mpaka vita vikaisha.

"Fimbo ya muzungu ilipona," alizoea kuniambia, akigonga meza yangu kwa kidole. "Kalamu yake njo haiponi."

Ningemcheka tu kama wote walivyomcheka, kama isingekuwa habari ya baba yake. Wakati wa vita, mtawala wa Kibelgiji alifika Lokandu na orodha, akaisoma mbele ya watu: hawa wako hai, hawa wamekufa. Baba yake Kaporali alikaa mbele kabisa ili asipitwe. Alisikiliza wote waliokuwa hai, mwanawe hayumo. Alisikiliza waliokufa, hayumo. Sisiki alikuwemo, tena kati ya walio hai, lakini nani angemjua Sisiki? Orodha ya pili ikaja ikawa vilevile. Mzee akaamua kwamba mtu asiye hai wala maiti kwenye karatasi ya mzungu, ameliwa na nchi ya mbali. Akaweka matanga. Kwa kuwa maiti haikuwepo, wakazika mgomba badala yake. Mzee mwenyewe akafa kabla ya mwanawe kurudi, akiamini anamfuata.

Sasa waliozika walikuwa na huzuni, hawakuchagua vizuri. Walizika chipukizi pamoja na mzizi wake. Kaporali aliporudi, shangazi yake alimwona akakimbia hadi mtoni akipiga kelele, na nyuma ya nyumba kaburi lake lilikuwa limeota, limezaa mkungu mzima. Alikata, akaivisha, akala.

"Miye nilikula ndizi ya kaburi yangu," alisema, na hapo kila mara alinyamaza kidogo ili tumuulize. Tukiuliza zilikuwaje, alijibu, "Tamu. Lakini ngozi nguvu."

Vita vyake vilibadilika kufuata msikilizaji. Mbele ya wanawake wa sokoni aliteka mlima peke yake, na Waitaliano walioinua mikono walikuwa wengi kuliko wakazi wa Kindu. Mbele ya padri hakuwahi kufyatua hata risasi moja, alibeba majeruhi tu. Mbele ya jirani yetu mmoja wa msikitini, aliyekuwa mcha Mungu, aliacha kula nguruwe muda wote wa vita, jambo ambalo padri hakuambiwa. Kwangu mimi, labda kwa sababu nilikuwa nimeshayapiga mashine yote, alisema mvua, njaa, na kuharisha. Nadhani kwangu alisema kweli, nikajiona nimedhulumiwa: wengine walipata milima, mimi nikapata kuharisha.

Hakumwogopa mtu mwenye bunduki, lakini siku wauguzi walipokuja mtaani kuchanja watu, yeye ndiye aliyepanga foleni, akakemea waliosukumana, akaweka watoto mbele na mama wajawazito kivulini, akasimama pembeni kama jenerali. Zamu yake ilipofika hakuonekana. Alikutwa nyuma ya duka la Mgiriki, amekaa juu ya kreti, koti limefungwa. Akasema alikuwa analinda upande wa nyuma.

Kupanga foleni ndiko kulikokuwa ugonjwa wake. Mahali palipo na watu watatu, yeye aliona kikosi. Bombani, gatini, kanisani wakati wa komunyo, alipita akirekebisha mabega ya watu. Jumamosi za salongo, ile kazi ya umma, sisi wote tulipotolewa na Chama tawala kufyeka nyasi kwa mapenzi yetu wenyewe, chini ya macho ya waliotusaidia kupenda, Kaporali alifyeka kweli, kwa mistari iliyonyooka, akatukasirisha wote. Nikamwambia polepole, "Papa, hii kazi haitaki nguvu yote ile." Akanijibu, "Nyasi haina politike." Nikatazama huku na huku nani amesikia.

Msemo wake mwingine ulinihusu mimi. "Bunduki inaua muntu mara moja," alisema. "Karani anaua polepole, na anakunywa chai." Alikuwa anakunywa chai yangu wakati akisema hivyo.

Kisha ukaja ule mwaka wa kutupa majina. Amri ilitoka juu kwamba majina ya ubatizo ni ya mkoloni, kila sitwaye, yaani raia, achukue jina la mababu. Katika wiki chache nchi nzima ilijibatiza upya. Mimi niliyeitwa kwa jina la mtakatifu mmoja mpole nikajipa majina matatu marefu, moja la chui, nikayatundika kwenye mlango wa ofisi. Mkuu wangu wa ofisi alijipa manne. Tulikuwa tukikutana koridoni tunachukua muda kusalimiana. Nchi nzima iliandikwa upya, na hakuna aliyeombwa ushahidi. Lakini Kaporali alipokuja Alhamisi yake kuomba herufi chache tu zibadilishwe, aliambiwa alete mashahidi wawili waliokuwepo siku ya kuandikishwa, wawe hai, na wawe na kadi ya Chama.

Mkuu wangu, mtu mwenye tumbo lililobebwa kwa shida na abakosi yake, ile suti ya serikali isiyo na tai, ndiye aliyepata dawa. Akamwita Kaporali ndani, akamkalisha kitini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Papa, juu ya nini unajitesa? Chukua tu Sisiki. Ni jina ya kwetu, haina ubatizo ndani. Watu wanatafuta jina ya asili hawapati, weye unayo bure tangu wakati ya Wabelgiji. Kesho uko na nishani."

Kaporali akasimama wima, akagonga visigino.

"Shefu, ile hapana jina. Ile njo jibu."

Akatoka. Alipopita mezani kwangu akasoma majina yangu matatu mlangoni, taratibu, akifuata kwa kidole, maana alisoma kwa shida lakini alisoma.

"Yako baba yako alikupa, ukatupa," aliniambia. "Yangu baba yangu alinipa, ikatupwa. Tuko wawili."

Nikajifanya natia karatasi kwenye mashine.

Siku moja, baada ya miaka, jibu likaja kweli. Tupeleke makao makuu ya jeshi fomu ya masahihisho yenye sahihi nne, wakasema, nao watarekebisha vitabu na kutuma nishani. Fomu ilikuwa na nafasi mbili. Juu, kwa jina lililokosewa: *Mahali pa*. Chini, kwa jina la kweli: *Isomeke*. Kaporali alikuja na koti limefuliwa. Alisimama nyuma yangu, akapumua shingoni kwangu, hadi nikamwomba akae nje. Nilimpenda yule mzee, nataka ieleweke, na niliitaka ile fomu iwe safi.

Asubuhi hiyo tulikuwa tumecheza. Komisere, mkuu wa mkoa, alikuwa njiani kutoka Bukavu, na wafanyakazi wote wa serikali tulitolewa uwanjani tangu jua kuchomoza kufanya mazoezi ya ngoma za kumsifu Muongozi, rais wetu. Mtu wa stashahada na mfagiaji, wote tulitikisa viuno kwa kipimo kimoja, na mwenye kiuno kigumu aliandikwa. Nilirudi mezani wimbo bado unazunguka kichwani, ngoma bado zinapiga nje. Nikapiga mashine fomu. Mkuu akatia sahihi bila kusoma. Wa pili akatia kwa kuwa wa kwanza ametia. Wa tatu na wa nne walikuwa uwanjani, wakatia juu ya ngoma. Muhuri ukagongwa. Ikaondoka kwa treni jioni ileile.

Nakala niliisoma siku ya pili yake, nikinywa chai. *Mahali pa*: jina la Kaporali, lile la baba yake, herufi zote sahihi, zimenyooka vizuri. *Isomeke*: Sisiki.

Ningekimbia kwa mkuu. Ningeandika nyingine. Lakini mkuu alikuwa ameshatia sahihi, na wakati ule kumwambia mkubwa kwamba ametia sahihi upuuzi kulikuwa sawa na kumwambia kwamba yeye ni mpuuzi, na kazi ilikuwa moja, watoto wengi. Nikajipa moyo kwamba huko mbele watatambua. Nikaitia nakala ndani ya faili, faili nikaitia chini ya nyingine. Kaporali alipouliza nikasema imeenda. Haukuwa uongo.

Jeshi lilisahihisha kila kitu kwa ukamilifu ambao sikuwahi kuuona tena nchini. Kila mahali ambapo jina la kweli la Kaporali lilikuwa limejipenyeza, kwenye barua zetu zote za zile Alhamisi, lilifutwa likawa Sisiki. Hata kadi yake ya Chama iliitwa irudishwe, ikarudi imebadilishwa, pamoja na nakala ya fomu, baada ya nishani kutolewa. Na nishani ikaja.

Ilitolewa karibu na bandari, siku ya sikukuu ya Chama, mbele ya jukwaa lililofunikwa vitambaa vya kijani, na boti mbili zimepigwa rangi upande ule tu unaoonekana. Kaporali alikaa mstari wa pili kati ya wazee wenzake. Kifungo kile cha gauni alikuwa amekitoa, akashona kingine cha shaba, sijui alikipata wapi. Hakuwa ameambiwa lolote. Mimi nilisimama na wacheza ngoma.

Msemaji akaita kwenye kipaza sauti: "Sitwaye Sisiki! Kaporali!"

Hakuna aliyesimama. Niliuona uso wake. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyekaa mbele kabisa ili asipitwe, na orodha imepita.

"Sitwaye Sisiki!"

Komisere akageuza kichwa. Mkuu wangu akainama hadi mstari wa pili, akamnong'oneza kwa meno: "Weye Papa, hauitike?"

"Sisikii," akasema Kaporali kwa sauti ya gwaride.

Watu wakacheka, wengine wakidhani ni uziwi, wengine wakijua. Komisere hakucheka. Komisere alikuwa na mkono uliokwisha kunyooka na nishani ndani yake, na mkono wa Komisere haukuweza kurudi mtupu. Mkuu wangu alikuwa mpumbavu wa kalamu, lakini penye hatari alikuwa bingwa. Akamshika mabega tarishi wetu, mtu ambaye vita vya Abisinia vilipopiganwa bado alikuwa ananyonya, akamsukuma mbele. Tarishi akapigwa saluti, akabandikwa nishani, akakumbatiwa. Ngoma zikaanza. Nilicheza, nikalia nikicheza, na jioni mkuu akanisifu kwa moyo wa uzalendo.

Tarishi aliivaa nishani ile kila Jumapili kwa miaka, na baada ya muda akaanza kusimulia baridi ya milimani.

Nilidhani Kaporali angefanya fujo. Alipiga makofi pamoja na wote. Nilipomkuta njiani nikaanza kubabaika, akanikatiza: "Sisiki amepata nishani yake. Sawasawa. Alifanya kazi ule muntu." Alhamisi iliyofuata hakuja, wala nyingine yoyote. Baada ya mwezi nikasikia amepanda boti, amerudi kwao Lokandu na lile kopo.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Ofisi ilinituma Lokandu kuhesabu kadi za Chama, na nilipomaliza nikauliza nyumba yake. Alikuwa nyuma, ameketi kwenye kiti kifupi karibu na migomba, koti amelivaa wazi, halifungwi tena, vifungo vimekwenda. Kaburi lile la chipukizi moja lilikuwa kichaka kizima. Masikio yake yalikuwa yamekwisha. Ilibidi nipige kelele kumjulisha mimi ni nani.

Nilikwenda pale kuungama. Miaka yote sikuwa nimemwambia mtu. Nikainama sikioni kwake nikasema, "Papa, kosa ya fomu ile ilikuwa yangu."

"Nini?"

"Kosa! Yangu!"

"Nini?"

Nikapaza sauti mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi, kuku wakatawanyika, na Lokandu nzima ikajua kwamba mimi ndiye mpumbavu. Kaporali akasubiri nimalize. Kisha akafungua kopo. Alipangusa kifuniko, akatazama nyuma, akatoa nakala ya fomu aliyotumiwa na jeshi pamoja na ile kadi. Akaweka kidole chini kabisa, mahali ambapo kila barua hubeba herufi ndogo za karani aliyeipiga mashine. Zilikuwa herufi za majina yangu matatu marefu, la chui likiwemo.

"Nilisoma siku ya kwanza," akasema.

Nikasema nitaandika nyingine, kesho, leo hii, nitaipeleka mwenyewe kwa mkono. Hili alilisikia, au aliliona mdomoni.

"Hapana! Usiandike tena, mutoto yangu. Nakuomba. Usiandike kitu." Akanyoosha mkono mbali na migomba, upande wa pili wa uwanja. "Kule njo muzungu alisoma liste. Baba yangu alikaa hapa. Weye uko karani ya serikali. Simama kule. Ita."

Nikaenda nikasimama kule. Nilijiona mjinga, na nilikuwa na abakosi yangu na faili kwapani, kwa hiyo nilifanana kabisa na mtu aliyetumwa. Nikaita jina lake.

"Sisikii," akasema.

Nilidhani ananikejeli, na nilistahili. Kumbe alikuwa amekunja kiganja sikioni, hasikii kweli. Nikaita tena, kwa nguvu. Akatikisa kichwa. Jirani na mwiko wake akaniambia, "Karani, ongeza." Mara ya tatu niliita kama sijawahi kuita kitu maishani, jina lote, la kwake na la baba yake, mpaka kule mtoni mvuvi mmoja akasimamisha kasia.

Kaporali akasimama. Ilimchukua muda. Akabana visigino, akavuta koti lisilo na vifungo, akageukia migomba, mahali alipokaa baba yake, badala ya kunigeukia mimi.

"Prezan!" akaitika kijeshi, yaani nipo.

Akabaki vile vile, mkono kwenye paji. Nikaelewa kwamba anasubiri aruhusiwe, na hapakuwa na mwingine. Mimi ambaye sijavaa gwanda hata siku moja nikasema, "Pumzika, Kaporali." Hilo alilisikia. Akakaa.

Wakati wa kuondoka akanikatia mkungu mdogo, nikaula kwenye mtumbwi peke yangu njia nzima ya kurudi. Zilikuwa tamu, na ngozi ngumu kweli. Ndiyo maana jina lake sitaliandika. Nilishaliandika mara moja kwenye ile fomu, likafutwa kote.